Wali Uliopoa

Jumapili moja tulijaribu kutengeneza sushi nyumbani, chakula cha Wajapani. Samaki wa ziwani akiwa mbichi aweza kuwa na minyoo, tukampika kwanza. Tuliosha mchele mpaka maji yakawa maangavu, tukaupika, tukautia wali siki, sukari na chumvi. Lakini kwa haraka tuliuvingirisha ungali moto. Mwani wa kuufungia ukalegea, ukapasuka. Tukalaumiana, tukataka kuutupa wote. Mama akaketi, akaula kimya hadi punje ya mwisho, maana mchele ule aliununua kwa jasho lake. Tuliona haya. Mara ya pili tuliungoja upoe, tukiupepea kwa zamu. Tuombe neema ya kungoja, na ya kutodharau jasho la wenzetu.