Namua, Lala, Hamna

Wenzangu niliostaafu nao hufuga ng'ombe wa maziwa au huhudumia vibanja vyao vya migomba na kahawa. Mimi hucheza michezo ya kompyuta. Natamka jambo hili bila aibu, ingawa katika miaka yangu yote ya kufundisha Kiswahili katika shule za sekondari nilikuwa adui wa kila mchezo usiokuwa na filimbi na refa. Adui huyo nitamrudia baadaye, maana ana kesi ya kujibu.

Kompyuta yangu ni mpakato mkuukuu niliouziwa na kijana mmoja mjini Bukoba. Mfumo endeshi uliokuja nao ulikuwa mzito kuliko nguvu za mashine, ndipo kijana akanishauri tuuondoe tuweke Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, na ambao tangu hapo umejengwa na maelfu ya mikono. "Ila huku michezo ni michache, Mwalimu," alinionya, akidhani mzee wa umri wangu hatajali. Alikosea mara mbili. Nilijali, na michezo si michache.

Wanaosema Linux haina michezo wanasimulia habari za zamani. Tangu mwaka 2018, kampuni ya Valve ilipotoa programu iitwayo Proton, michezo mingi iliyotungwa kwa ajili ya Windows huchezeka humo pia. Lakini hiyo ni karamu ya wenye mashine kubwa na bando lisiloisha. Mimi nazungumzia michezo huria, ile ambayo mtu huipata bila malipo, huruhusiwa kuifungua tumbo aone matumbo yake, huibadili apendavyo na kumgawia jirani. Hiyo ndiyo niliyoicheza, na juu ya hiyo ninayo maoni.

SuperTux ni mchezo wa pengwini arukaye mashimo na kukanyaga maadui. Ni mzuri kwa vidole, lakini vidole vyangu vimeshika chaki mno na havirukaruki tena. Frozen Bubble, wa kurusha viputo vya rangi hadi vitatu vya rangi moja vikutane, hauhitaji lugha yoyote, na labda ndiyo sababu niliuchoka baada ya wiki moja: mchezo usio na neno ni kama chakula kisicho na chumvi. TuxMath hudondosha vimondo vilivyoandikwa hesabu, na mchezaji hana budi kujibu kabla havijaangukia miji yake. Mjukuu wangu aliyekuwa akilia kwa sababu ya jedwali la saba sasa hulikariri huku akicheka, nami nausifu mchezo huo kuliko nilivyowahi kuisifu fimbo. 0 A.D. unapendeza kwa macho, na miongoni mwa mataifa yake wamo Wakushi wa bonde la Naili, jambo lililonifurahisha. Mashine yangu hata hivyo iliugulia chini ya mzigo wa picha zake, nikaihurumia. Freeciv, ulioanzishwa na wanafunzi wa Denmark mwaka 1995, ni mchezo wa wazee: unaanza na kijiji kimoja na kulea taifa karne baada ya karne, polepole, kama mtu anayengoja mbuni wake uzae.

Ulioniteka ni The Battle for Wesnoth, uliotolewa mara ya kwanza na David White mwaka 2003. Ni vita vya zamu kwa zamu juu ya ramani ya vyumba vya pembe sita. Mchana na usiku hupokezana: wapo askari wapatao nguvu jua likiwaka, na wapo wapatao nguvu gizani. Askari aliyeokoka vita huongezeka ujuzi, huwa na jina lake, na humfuata kiongozi wake katika vita vijavyo. Akifa, hafufuki. Nimewahi kukaa kimya usiku mzima kwa ajili ya mpiga upinde mmoja niliyemtanguliza mbele kwa pupa. Zaidi ya hayo, mchezo huu una maneno mengi: masimulizi, mazungumzo, usaliti na viapo. Ni riwaya inayongoja msomaji aamue nani afe.

Riwaya hiyo, katika toleo nililo nalo, hutolewa kwa lugha nyingi. Nilifungua orodha ya lugha nikashuka nayo kwa kipanya hadi chini, kisha nikapanda nayo tena taratibu, kama mzazi anayetafuta jina la mwanawe katika matokeo ya mtihani yaliyobandikwa ukutani. Kiswahili hakikuwemo.

Hapo ndipo uhuria wa mchezo ulipoacha kuwa neno tupu kwangu. Kijana wangu wa kompyuta alinionyesha faili la maneno. Kila sentensi ya mchezo imeandikwa kwa Kiingereza, na chini yake pana nafasi tupu kati ya alama mbili za kunukuu. Ukiijaza, mchezo husema ulichoandika. Usipoijaza, husema Kiingereza. Hakuna ofisi ya kuomba kibali, hakuna ada. Nafasi iko wazi, na uwazi huo ulinisuta.

Nilianza kwa kiburi cha mwalimu wa sarufi, na sarufi ikanipokea kwa kofi. Katika mchezo ule wamo askari ambao ni viunzi vya mifupa, na wamo askari ambao ni miti itembeayo. Kiunzi kikipigwa, je, kimejeruhiwa au amejeruhiwa? Mti ukianguka vitani, umekufa au amekufa? Nilijua kwamba wafasiri wa Kifaransa huhangaika na jinsia ya kila askari, jambo ambalo Kiswahili hakilijali. Sisi tuna ngeli. Nikakumbuka kwamba twasema kiboko amelala, kipofu ameketi, na kwamba bibi zetu walipotuhadithia mti uliokuwa na kinywa, mti huyo "alisema". Nikajiwekea kanuni: kila chenye zamu yake ya kucheza kina uhai, nacho kitapatanishwa kama kiumbe. Mti amejeruhiwa. Kiunzi ameshinda. Sijui kama wanasarufi wenzangu watanisamehe, lakini tangu siku hiyo nimeielewa ngeli ya kwanza kuliko nilivyoielewa nilipokuwa nikiifundisha.

Kofi la pili lilitoka kwenye vitufe. Kitufe hakina nafasi ya maelezo; ni kama kipande cha ushairi chenye mizani nane, neno lako lienee au litoke. Kiongozi anapotoa dhahabu na kuingiza askari mpya uwanjani, tendo hilo liitweje? "Ajiri" linanuka ofisi. "Sajili" linanuka dawati la karani. Na mchezaji anapomaliza, "maliza zamu" ni sahihi, tena limekufa kama samaki wa juzi. Nilipekua kamusi zangu usiku mbili. Kisha nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: Waswahili, wanapocheza mchezo wa vita wa zamu kwa zamu ubaoni, husemaje? Jibu lilikuwa bao, na mimi sikujua bao.

Sasa ile kesi. Miaka mingi iliyopita, katika shule moja ya bweni wilayani Muleba, nilikuwa mwalimu wa zamu jioni moja nilipowakuta wavulana nyuma ya bweni. Walikuwa wamechimba mashimo ardhini na wakicheza kwa kokoto. Hawakuwa wamekosa kipindi wala kazi. Niliwaita wavivu, nikawaamuru wayafukie mashimo kwa mikono, moja baada ya jingine, huku mimi nimesimama. Jioni ile ile niliketi ofisini nikasahihisha insha zao kuhusu umuhimu wa kudumisha utamaduni.

Nilipanda basi dogo kutoka Bukoba, tukapita Kemondo na migomba yake, hadi Muleba mjini, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba karibu na soko wapo wachezaji hodari. Aliyekuwa akicheza nilipofika alikuwa mtu mzima mwenye mvi masharubuni. Aliinua macho, akasimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nilimwitikia. Sikumtambua. Nikamweleza kwamba nafasiri mchezo wa kompyuta na nimekuja kuomba maneno ya bao. Alicheka kidogo, akatazama ubao wake.

"Mashimo thelathini na mawili, Mwalimu. Nakumbuka idadi kwa sababu tuliyafukia yote."

Nilikuwa nimejiandaa kuuliza maswali, si kujibu. Nilisema nilikosea. Nilisema kwa sauti ndogo, nao wengine wakajifanya wanahesabu kete. Yeye hakunisamehe wala hakunilaumu. Alimwomba mwenzake ainuke, akaniambia, "Kaa, nikuonyeshe."

Akanionyesha. Kete sitini na nne, kila mchezaji zake thelathini na mbili. Kumi huanza ubaoni, ishirini na mbili hubaki ghala. Kuingiza kete mpya kutoka ghala ni kunamua, na hatua yote ya kwanza ya mchezo huitwa namua. Ghala likiisha, huja hatua ya mtaji. Kucheza bila kula kitu ni kutakata. Shimo kubwa lenye akiba ni nyumba, la mwisho wa safu ya mbele ni kichwa, na linalolifuata ni kimbi. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu si yako tena. Na safu yako ya mbele ikibaki haina kitu, umeshindwa, nayo huitwa hamna.

Niliyaandika yote katika daftari. Kisha tukacheza, na kabla sijamaliza ghala langu alifagia safu yangu yote ya mbele, akafungua viganja vyake vyote viwili.

"Hamna, Mwalimu."

Kwa hiyo katika kompyuta yangu askari mpya hunamuliwa, na kitufe cha kumaliza zamu kimeandikwa "Lala". Kiongozi wako akiuawa, kioo hukuambia neno moja tu: "Hamna". Yanaenea katika vitufe vyao, na yana damu.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi zinazosema Kiswahili. Nilipolisikia jambo hilo nilijivuna, na sijaacha kujivuna. Lakini tazama tulichokitanguliza: barua, majedwali, taarifa. Tuliipa lugha yetu ofisi, uwanja wa kuchezea tukauacha. Mtoto hajifunzi kuipenda lugha ofisini. Hujifunza kuipenda pale anapotamba, anapotania, anapoapa kulipiza, na mambo hayo mengi sasa wajukuu wetu huyafanya mbele ya kioo, kwa lugha ya mtu mwingine. Mchezo uliofungwa, hata uwe mzuri kiasi gani, hatuna la kuufanya. Mchezo huria umetuachia nafasi kati ya alama mbili za kunukuu. Ikibaki tupu, lawama ni yetu, washairi na walimu, tunaolia kila mwaka kwamba vijana wanaitupa lugha.

Kwa hiyo, ukiniuliza mchezo bora wa Linux ni upi, sitakutajia wenye picha za kupendeza. Ni ule unaokubali kufundishwa lugha yako, nawe ukagundua katikati ya somo kwamba mwanafunzi alikuwa wewe.

Kazi haijafika mbali. Nimejaza maneno ya vitufe na sehemu ndogo ya masimulizi, na yaliyobaki yanaweza kunizidi umri. Juzi nilimketisha mjukuu wangu mbele ya mashine, nikamwacha acheze bila kumsaidia. Alinamua askari wote kwa pupa, akamtanguliza kiongozi mbele usiku, akauawa. Neno likatokea. Alilitazama, kisha akanigeukia.

"Hamna nini, Babu?"

Sikuwa na ubao wa bao nyumbani. Sijawahi kuwa nao. Nilichukua jembe, tukatoka nje, tukaanza kuchimba.