Picha Moja Kutoka Mombasa



Baada ya kumshukuru Allah (s.w.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), nawashukuru wahariri wa jarida letu kwa kunipa ukurasa huu. Wanafunzi wengi wa madrasa yetu hapa Mbagala wameniona na kamera nzito ya zamani shingoni siku ya Maulidi, na kila mwaka swali huwa ni lile lile: "Ustadhi, simu unayo, hilo dude la nini?" Leo nalijibu kwa kuwasimulia safari niliyoifanya peke yangu kwenda Mombasa, Kenya, mwezi wa Disemba mwaka 2022.

KAMERA YENYEWE

Kamera hii ni Zenit, iliyotengenezwa Urusi enzi za Muungano wa Kisovieti. Nilipewa na ami yangu. Ina uzito wa karibu kilo moja, haitumii betri, na inapakiwa mkanda wa picha 36. Ukishabonyeza hakuna kutazama wala kufuta. Utaiona picha baada ya mkanda kusafishwa kwa dawa gizani.

Wanafunzi wajue kuwa elimu iliyo ndani ya kasha hili wenzetu waliitangulia. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Misri karibu na mwaka 1040, aliandika Kitab al-Manazir juu ya mwanga na macho. Alithibitisha kuwa tunaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye vitu na kuingia machoni, na akachunguza namna mwanga unavyopita kwenye tundu dogo na kuingia kwenye chumba chenye giza. Kamera ni hicho chumba cha giza, tundu lake, na mkanda unaoshika mwanga.

Kuhusu hukumu, wanazuoni wamekhitalifiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala ya kuijuzisha picha ya kamera akiiona kuwa ni kukizuia kivuli, si kuumba sura. Wengine, akiwemo Sheikh Ibn Baz wa Saudi Arabia, waliikataza isipokuwa kwa dharura kama pasipoti. Sikusudii kuamua baina ya wakubwa hao. Ninachotaka kukieleza ni amana, jambo ambalo halina khitilafu.

SABABU YA SAFARI

Mama yangu ni mzaliwa wa Tanga. Dada yake, ambaye mimi namwita mama mkubwa, aliolewa Mombasa mwaka 1975. Miaka miwili baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa tangu mwaka 1977 hadi 1983. Ndugu wengi wa pwani walitenganishwa na kufuli ile. Hata mpaka ulipofunguliwa, kila mmoja alikuwa na watoto na majukumu yake. Mara ya mwisho walionana mwaka 1998, msibani Tanga.

Siku hizi mama ana maradhi ya miguu, hawezi kukaa ndani ya basi siku nzima. Wakiongea kwa simu, huishia kusema, "Dada, hata sura yako naisahau." Lakini mama mkubwa hakukubali kupigwa picha kwa simu, wala kuzungumza kwa simu ya kuonana. Picha yake ilikuwa ni ya kitambulisho tu. Basi mama akaniambia, "Nenda wewe, ukamwone kwa niaba yangu. Na ukiweza kuniletea sura yake kwa ridhaa yake, niletee."

NJIANI

Wazazi wataniuliza kuhusu kusafiri peke yangu. Ni kweli Mtume (s.a.w.) ametahadharisha juu ya hilo, na wanazuoni wametaja katika hekima yake hatari za njiani na kukosa wa kukusaidia. Mimi nilipanda basi lililojaa abiria, mchana, na nilikokwenda palikuwa na ndugu wanaonisubiri.

Nilitoka Mbagala usiku ili niwahi kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi. Tulipita Chalinze na Segera hadi Tanga, nikaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kisha tukaelekea Horohoro. Mpakani nilionesha pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, tukaingia Lunga Lunga upande wa Kenya. Kamera ilibaki ndani ya begi mpakani, na vilevile kwenye kivuko cha Likoni, kwa sababu sehemu za ulinzi hazipigwi picha. Msafiri ni mgeni, na mgeni hufuata sheria za mwenyeji.

Nilikuwa na mikanda miwili tu, yaani picha 72 kwa siku sita. Uchache huo ulinifundisha kutazama. Nilizunguka Mji wa Kale, nikaona misikiti mikongwe na milango ya nakshi, na ngome ya Fort Jesus ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Kwa simu ningepiga mia mbili kabla ya saa sita mchana. Kwa kamera hii nilisimama kwanza, nikasalimia, nikaomba ruhusa. Muuza kahawa mmoja alikataa. Nikanywa kahawa yake, tukazungumza, nikaondoka. Uso ni wake, na kukataa ni haki yake.

SHARTI LA MAMA MKUBWA

Nilimbusu mkono mama mkubwa, akanikalisha, akaniuliza habari za mama mpaka usiku ukawa mwingi. Sikuitaja kamera. Siku ya nne aliiona mwenyewe, akaniuliza, "Hii nayo yapeleka picha kwa watu?" Nikamwambia, "Hapana, mama mkubwa. Hii inatoa karatasi, na karatasi inakwenda kwa mtu mmoja."

Ndipo aliponieleza sababu ya kukataa kwake. Kulikuwa na harusi mtaani. Wanawake walijipamba ndani kwa ndani, wenyewe kwa wenyewe, na mmoja akawapiga kwa simu. Kabla bi harusi hajatolewa chumbani, picha zilikuwa zimeshafika kwa wanaume wasiowahusu. "Aliyezipiga hakukusudia ubaya," alisema, "lakini ni nani wa kuzirudisha?"

Akakubali picha moja kwa masharti matatu: asiyekuwa maharimu wake asiisafishe, itolewe karatasi moja tu, na ule mkanda wake apewe mama pamoja na picha. Nikaahidi.

Aliketi karibu na dirisha, mtandio kichwani. Chumba kilikuwa na mwanga hafifu. Nikafungua tundu la lenzi, nikaweka kasi ya sehemu moja ya thelathini ya sekunde, nikaegemea ukuta na kuzuia pumzi. Nikabonyeza mara moja.

Huku Temeke yuko mzee mmoja aliyekuwa na studio zamani. Mkewe ndiye aliyekuwa akisafisha picha za harusi za akina mama ili zisipite mikononi mwa wanaume, na vyombo vyao bado wanavyo. Mama huyo alinisaidia. Maji ya Dar es Salaam ni ya vuguvugu, kwa hiyo aliweka barafu kwenye beseni hadi dawa ikafika nyuzi 20. Alifanya kazi yote mwenyewe gizani. Akatoa karatasi moja, akakata kipande cha negativu, akavitia ndani ya bahasha na kuifunga. Sikuifungua njiani.

Mama aliitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Amefanana na bibi yenu," akaingia nayo chumbani.

AMANA HAIZIKWI

Mwaka 2024 mama mkubwa alifariki dunia. Allah amrehemu. Baada ya matanga, wanawe waliomba ile picha ipigwe kwa simu watumiwe. Wengine katika familia wakasema mwenyewe keshafariki, sasa kuna ubaya gani? Wakaniuliza mimi kwa kuwa ni ustadhi.

Ndugu zangu, lilikuwa jambo zito. Walioomba ni watoto wake wa kuwazaa, nao wana haki ya kuiona sura ya mama yao kuliko mimi. Sikutoa fatwa, kwani mimi si mufti. Nilisema nilichokijua: niliahidi, na aliyeniwekea sharti hayupo tena wa kunifungulia. Mama akaongeza, "Waje. Nyumba ni yao."

Binti yake mkubwa akaja kutoka Mombasa kwa basi. Mama akampa bahasha, akamwacha peke yake chumbani. Alikaa nasi siku tatu. Siku ya kuondoka mama alitaka kumpa picha aende nayo, yeye akakataa. Alisema, "Ikae hapa. Nitapata sababu ya kurudi." Tangu hapo ameshakuja mara mbili, na wajukuu wa madada wale wawili sasa wanafahamiana.

Wanafunzi wangu, simu si haramu, na mimi naitumia. Ila kabla hujampiga mtu picha, muombe ruhusa. Kabla hujaituma, muombe ruhusa ya pili, kwa sababu aliyeruhusu kupigwa hajaruhusu kutumwa. Na akikuambia ifute, ifute mbele yake. Wazazi nao wawe mfano, hasa katika picha za watoto wao na za wagonjwa mahospitalini.

Namuomba Allah (s.w.) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaochunga amana na ahadi zao, na amuingize mama mkubwa katika Pepo yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.