Mashine Inayojinunulia Sabuni

Mwaka 2015 Amazon walianza kuuza hapa Marekani kitufe kidogo cha plastiki cha kubandika kando ya mashine ya kufulia. Sabuni ikikaribia kuisha ulikibonyeza, na mzigo ukakufuata mlangoni. Kitufe kilikuwa na jina la sabuni moja tu. Bei haikuwepo. Januari 2019 mahakama ya Munich, Ujerumani, ikaamua kwamba biashara hiyo inavunja sheria, kwani mnunuzi haoni bei anapoagiza. Mwaka huohuo Amazon wakaviondoa vitufe hivyo sokoni.

Wazo lenyewe halikufa. Siku hizi printa hupima wino wake, hutuma habari kwa intaneti, na pesa zinakatwa kwenye kadi yako ukiwa kazini. Katika mpango wa wino wa HP, ukiacha kulipa ada ya kila mwezi, wino waliokutumia unakataa kuchapa hata kama haujaisha.

Wakisii wenzangu wa huku Minnesota huniambia niache ushamba. Mtu anayepiga zamu mbili kwenye nyumba ya wazee, wanasema, atakumbuka sabuni saa ngapi? Hapo wana haki. Ila mashine inayojinunulia sabuni inajua kiasi kilichobaki, haijui mfukoni kumebaki nini.

Kwetu Kenya, pale Keroka ambapo soko limekaa mpakani mwa Kisii na Nyamira, hata mkungu wa ndizi haushikwi kabla bei haijatajwa, ikakataliwa, mnunuzi akajifanya anaenda zake, akaitwa. Dukani, sabuni ya mche hukatwa vipande. Bonasi ya chai ikiingia Oktoba, mama wa Nyamira anabeba mche mzima na mafuta ya kupikia ya kutosha. Januari, karo ikishapita na kila kitu, anaomba kipande, na pengine anaandikwa kwenye daftari la deni. Nyumba ni ileile, nguo chafu ni zilezile.

Wala si kwamba nyumbani hatuna mashine zenye ujanja. Mita ya umeme ya tokeni huwasha taa nyekundu yuniti zikipungua, kisha inangoja ununue kwa M-Pesa na kubonyeza tarakimu 20. Sola za M-KOPA, zilizoingia sokoni 2012, hujizima usipolipa. Sizisifu, mtoto anayefanya homuwaki gizani hana haja na maelezo yangu. Lakini zote hizo husubiri hela itoke mkononi mwako. Za huku hujichukulia kwanza, nawe unapata habari kwa risiti ya barua pepe.

Shemeji yangu wa Kebirigo ananiulizia mashine ya kufulia. Nitamtumia pesa anunue Kisii mjini ile ya mapipa mawili, ya kujazwa maji kwa ndoo, isiyojua duka liko wapi.