Mota ya Gari la Mjukuu Wangu

Ndugu msomaji, najua utastaajabu kuona mtu wa makamo yangu, aliyezoea kukuandikia juu ya mirathi na haki za jirani, leo anakuandikia juu ya mota ya gari la kuchezea. Wako watakaosema, "Maalim amezeeka." Huenda wakawa wamesema kweli. Walakin nakuomba univumilie, kwani katika jambo hili dogo nimefanya kosa ambalo kwa muda wa miaka 40 nimekuwa nikiwaonya watu wasilifanye, na aliyelipata khasara yake ni mtoto.

Mjukuu wangu ana miaka 15. Alipokuwa na miaka 12 mjomba wake alimletea kutoka Dubai lori la kuongozwa kwa rimoti, la kipimo cha moja kwa kumi, lenye magurudumu mapana ya mpira na springi nne. Usidhani ni lile gari la plastiki linalovunjika kabla ya siku za Idi kwisha. Hili hufunguliwa kwa bisibisi, kila kipande chake huuzwa peke yake, na mwenye nalo asipokuwa fundi basi litamfanya fundi kwa nguvu. Likiwa na betri yake, uzito wake ni kama kilo mbili na nusu. Mwanzoni nililichukia, kwa sababu lilimchelewesha kufika chuoni. Baadaye nikaona kwamba kijana huyu, ambaye hesabu zilikuwa zikimkimbia, sasa anagawanya na kuzidisha bila ya kuambiwa. Nikanyamaza.

Mota iliyokuja na lori hilo ilikuwa ya kizamani, yaani ya brashi. Ndani ya mota ya namna hiyo nyuzi za shaba ndizo zinazozunguka, na umeme huzifikia kwa vipande viwili vya makaa vinavyosugua shaba inayokwenda mbio. Penye kusuguana pana kulika, tena pana joto na cheche. Ukiongeza mchanga wetu wa pwani na chumvi yake, mota haina umri mrefu. Ya mjukuu wangu ilikufa mara ya kwanza, akaitia makaa mapya; ikafa mara ya pili, akasema sasa anataka mota isiyo na brashi.

Alinieleza tofauti yake, na maelezo yake yalinipendeza. Katika mota hii mambo yamegeuzwa. Sumaku ndiyo inayozunguka katikati, na nyuzi za shaba zimetulia ukutani. Hapana kinachosuguana humo ila beringi mbili zinazoshika shina. Lakini kwa kuwa hayapo makaa ya kugeuza umeme, lazima awepo mwingine wa kuifanya kazi hiyo. Huyo ni kidhibiti cha mwendo, kisanduku kidogo chenye nyaya tatu nene ziendazo kwenye mota. Kazi yake ni kuutia umeme katika nyuzi kwa zamu, hizi kisha zile, upesi upesi, na sumaku huufuata umeme huo kama punda anayeonyeshwa majani mbele ya pua yake na asiyafikie. Kwa hivyo mwenye kununua mota hii hununua vitu viwili, mota na kidhibiti chake, na vikiwa havikupatana vyote viwili huangamia.

Fedha zilikuwa zake. Alizikusanya kwa muda wa miaka miwili: za Idi, na za kuuza mabuyu na achari anazotengeneza mama yake. Alinijia na shilingi 7,500 katika bahasha, pamoja na karatasi aliyoandika kwa mkono wake: mota ya 3650, KV 3300, kidhibiti cha ampea 60, shina la milimita 3.17. Akaniomba nimwambie mpwa wangu aliyeko Dubai amnunulie, kwa kuwa mpwa wangu huyo alikuwa karibu kurudi nyumbani. Nikaipokea bahasha, nikaipokea na karatasi.

Mpwa wangu akanipigia simu akiwa dukani huko Deira. "Mjomba, hiyo ya 3300 ipo. Lakini pana na ya 5200, kwa bei ile ile. Nichukue ipi?"

Sasa nitazame mimi, msomaji. Mjukuu wangu alikuwa chumba cha pili, ningemwita kwa sauti ya kawaida angenisikia. Sikumwita. Nilijiambia: ni nani apewaye 3300 na 5200 kwa bei moja akaiacha 5200? Nikajiona mjanja, tena nikajiona mwema, nikafikiri mtoto atafurahi zaidi atakapoiona. Nikasema, "Chukua hiyo kubwa." Na usiku ule ule baada ya sala ya Isha nilikuwa na darasa, na mlango tuliokuwa tukiusoma ni mlango wa uwakala.

Kifurushi kilipofika alikifungua mbele yangu. Alisoma maandishi yaliyo juu ya mota, kisha akayasoma tena. "Babu, hii siyo niliyoandika."

"Hii ni kubwa zaidi," nikamwambia, "na bei ni ile ile."

Alinitazama kidogo, akainamisha kichwa. "Asante, babu." Adabu yake ilimzuia kusema zaidi. Nami nikaichukua adabu ile nikaifanya ni furaha.

Aliifunga jioni ile kwa gia ndogo kuliko zote alizokuwa nazo, tukatoka pamoja hadi uwanja wa mchanga. Lori liliruka kama mshale. Nilicheka hata watoto wengine wakanitazama. Dakika kama tano au sita zikapita, kisha nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, na moshi mwembamba ukatoka ubavuni mwa lori. Kijana alikimbia akaichomoa betri. Kidhibiti kilikuwa kimekufa, na mota haishikiki kwa moto. Alilibeba lori kifuani mpaka nyumbani wala hakunena neno, na mimi nyuma yake na fimbo yangu.

Baada ya Magharibi nilimwita barazani nikamwambia, "Nisomeshe. Nimekosea wapi?"

Akaniambia kwamba KV si kipimo cha nguvu, wala si kilovolti kama nilivyodhani. Ni idadi ya mizunguko ambayo mota huzunguka kwa dakika moja kwa kila volti moja, ikiwa haikubeba kitu. Betri yake ni ya lithiamu yenye seli mbili. Kila seli huhesabiwa volti 3.7, basi jumla ni 7.4. Zidisha mwenyewe. Mota ya 3300 itazunguka mara 24,420 kwa dakika. Ile ya 5200 itazunguka mara 38,480. Na lau angetia betri ya seli tatu, ya volti 11.1, yangu ingefika 57,720, na mota nyingi za ukubwa ule kikomo chake ni kiasi cha 50,000.

"Basi si yangu ndiyo yenye mbio?" nikamwuliza.

"Yenye mbio ikiwa mikono mitupu, babu. Lakini lori lina kilo mbili na nusu, na magurudumu mapana, na tunakwenda juu ya mchanga."

Hapo nikafahamu. Tunao mahamali wa mikokoteni pale Marikiti. Kijana mwembamba atamshinda mbio yule hamali mnene, hapana shaka, maadamu wote wawili hawakubeba kitu. Watie magunia sita ya viazi kila mmoja uone. Na mota hesabu yake ni hii: zikiwa mbili za ukubwa mmoja, ile yenye KV ndogo hutoa nguvu zaidi ya kuzungusha kwa kila ampea moja inayokula. Kati ya hizi zetu mbili, ile ya 3300 ilikuwa ikitoa zaidi ya mara moja na nusu ya nguvu ya ile ya 5200, kwa ampea ile ile. Ya 5200 ikilazimishwa kulisukuma lori zito, hula umeme mwingi kwa kazi ile ile, na umeme huo wote hupita katika kidhibiti. Kidhibiti chetu kilikuwa cha ampea 60. Kiliombwa zaidi ya hizo, kikatoa mpaka kikafa.

Wala usidhani kwamba mota ya 5200 ni mbaya. Itie katika gari dogo jepesi la kukimbia juu ya lami, lenye gia ya kuifaa, itakupendeza. Ubaya ulikuwa kwa aliyechagua.

Niliingia ndani, nikafungua kibubu changu, nikahesabu shilingi 7,500, nikamtolea. Akakataa. "Si lazima, babu. Ulitaka kunipendeza." Nikamwambia kuwa wakili akilikhalifu agizo la aliyemtuma, khasara ni juu ya wakili, na kwamba kitabu nilichokuwa nikikisomesha usiku ule hakikutoa ruhusa kwa wakili aliyekuwa na nia nzuri, wala kwa aliyekuwa babu. Akazipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa nimepokea bahasha yake kwa mkono mmoja, nakumbuka.

Safari hii tulichagua pamoja, naye akanifundisha mambo ya kutazama. Nakueleza kwa sababu huenda nawe una mtoto au mjukuu atakayekujia na karatasi kama ile. Jambo la kwanza ni uzito wa gari na ardhi litakayopita, kabla ya kutazama mota yo yote. Baada ya hapo tazama betri unayo ya seli ngapi, kwa maana KV bila ya volti haina maana. Kwa lori kama hili na seli mbili, KV ya 3000 na kitu yatosha. Na mwenye malori makubwa zaidi, yanayotumia seli nne, huteremka mpaka 2000 hivi, na mota yenyewe huwa nene zaidi. Kwani zile tarakimu 3650 kwa kawaida si nguvu bali ni vipimo: unene wa milimita 36 na urefu wa milimita 50. Mota nene au ndefu ina shaba na sumaku nyingi zaidi, na hustahimili joto kwa muda mrefu. Pima nafasi iliyomo ndani ya gari kwanza, usije ukanunua isiyoingia.

Shina nalo lataka kupimwa. Mota za ukubwa wa kati zina shina la milimita 3.17, zilizo kubwa nyingi ni milimita 5, na gia ndogo inayofungwa shinani lazima tundu lake liwe sawasawa na shina hilo. Kijana aliyaandika haya yote mwanzo, na mimi niliyasoma kama mtu asomaye nambari za bahati nasibu.

Tulijadiliana juu ya mota zenye sensa, yaani zenye waya mwingine mwembamba unaomjulisha kidhibiti mahali sumaku ilipo. Hizo huondoka taratibu bila ya kushtuka, nazo ni bora kwa magari ya kupanda mawe. Zisizo na sensa hutetemeka kidogo zinapoanza, walakin bei yake ni nafuu na waya wa kukatika umepungua. Kwa mchanga wetu akachagua isiyo na sensa, nami sikutia neno.

Ilipofika ile ya 3300 hakuiendesha kwa pupa. Alikwenda dakika tatu, akasimama, akaipima kwa kipimajoto cha kumulika. Asema mota isipite digrii 80, kwani sumaku za namna hii zikiungua hupungua nguvu zake wala hazirudi. Ikikaribia hapo, hupunguza meno ya gia ndogo, moja au mawili, na mota hupumua. Siku ile ilikuwa digrii 61. Lori halikuruka kama mshale. Lilikwenda kwa nguvu, likapanda tuta la mchanga ambalo la kwanza lilikuwa likilichimba tu, na likacheza mpaka betri ikaisha.

Juu ya betri nina sharti langu mwenyewe, na hapo sikubali kusomeshwa: haichajiwi usiku watu wakiwa wamelala, wala karibu na mapazia au magodoro. Huchajiwa uwani, juu ya saruji, na mtu akiwa macho, maana betri za lithiamu zikiharibika huwaka moto usiozimika kwa urahisi.

Ile mota ya 5200 haikufa. Nimeiweka juu ya meza yangu chuoni, juu ya karatasi ili zisipeperuke. Wanafunzi huniuliza ni kitu gani, nami huwaeleza tunapofika mlango ule.

Wiki iliyopita kijana alikuja na shilingi 400 na karatasi nyingine. Nilikuwa nakwenda mjini na yeye alitaka beringi mbili za gurudumu. Nilinyoosha mkono niichukue karatasi, lakini hakuiachilia. Akanambia, kwa upole kabisa, maneno ambayo mimi huwaambia wanafunzi wangu kila asubuhi wanapomaliza kuandika ubao:

"Nisomee, babu."

Nikavaa miwani nikamsomea. Milimita 5, milimita 11, unene milimita 4.

"Tena," akasema.