Soda Ilipokuwa na Siku Zake

Nilipokuwa mdogo Korogwe, soda ilikuwa na siku zake: Idi, Krismasi, harusi, ugeni mzito. Mgeni akifika, mtoto alitumwa dukani kwa Mangi na chupa tupu mkononi, kwani bila chupa huuziwi, labda uache hela ya chupa. Usipokuwa nayo ulikunywa palepale kwenye benchi la duka. La sivyo, Mangi alikumiminia soda kwenye kimfuko cha nailoni, akatia mrija na kufunga juu, ukaondoka nayo gesi ikiwa imeshaanza kuisha. Nyumbani mgeni alipewa chupa nzima. Sisi tulisubiri mlangoni, maana mgeni mstaarabu hamalizi, na robo aliyoacha tuligawana kwa kupimiana na kizibo.

Wagonjwa nao waliletewa soda wodini, hasa waliotundikiwa dripu ya kwinini. Hilo lilikuwa na sababu, kwa kuwa kwinini huweza kushusha sukari ya damu. Ila wengi wetu tulitoka hapo na imani kwamba soda inaongeza damu. Haiongezi.

Naamini kilichogeuza mambo ni chupa zaidi ya kinywaji chenyewe. Chupa ya kioo ilikuwekea mpaka: ukishaifungua unaimaliza, unairudisha, unaondoka. Ya plastiki haidai chochote. Unaifunga, unaitia kwenye mkoba, unaendelea nayo kazini, na basi likisimama Segera inapandishwa hadi dirishani kwako. Za kioo bado zipo, lakini soda imeshatoka kwenye benchi la Mangi, ikawa inatembea na mtu kutwa nzima.

Shangazi yangu aliuza mitumba sokoni, na pembeni ya meza yake haikukosekana chupa ya nusu lita aliyoipiga funda mojamoja tangu asubuhi. Alipoanza kuamka usiku kukojoa na kushikwa na kiu isiyokatika, alidhani ni joto, akazidisha soda. Alipopimwa, akakutwa na kisukari. Daktari alimweleza kuwa uzito na kurithi katika ukoo pia huchangia. Nesi wa kliniki yeye alichukua glasi na kijiko cha chai, akaanza kuchota sukari huku akihesabu kwa sauti. Alifika 13.

"Mama, hii ndiyo chupa yako moja."

Shangazi, ambaye chai yake hakuitia zaidi ya vijiko viwili, alimwomba arudie kuhesabu.

Nesi hakukosea. Nusu lita ya kola ya kawaida ina sukari ya gramu 50 na ushee. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima hiyo ya pili ni kama gramu 25, yaani nusu ya chupa ile. Tena sukari ya kunywa haishibishi: mtu anakunywa soda, kisha anakula sahani yake ileile ya wali. Meno nayo yanaumia, kwa sababu soda ni kali kwa asidi, na ukiinywa kidogo kidogo kutwa nzima jino halipati nafasi ya kupumzika.

Mexico ilianza kutoza kodi vinywaji vyenye sukari mwaka 2014, na Afrika Kusini ikafuata mwaka 2018. Naunga mkono hatua hizo, lakini mazoea yetu yako mikononi mwetu wenyewe. Kamati zetu za harusi bado zinapiga hesabu ya soda mbili kwa kila mwalikwa, watoto wakiwemo, na maji yanakuja mwishoni kama yakibaki. Nawaomba mnaokaa kwenye kamati hizo mgeuze utaratibu: maji yawe mezani kwanza, na soda apewe anayeiomba.