Zuhura, Usinunue ya Maisha

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Zuhura,

Baba yako amepata nafuu ya goti, na kadi za arusi yako zimeshatoka, nzuri kweli. Ujumbe wako umenifika pamoja na ile picha ya orodha ya bei za sindano za uso kutoka saluni, na nimefurahi kwamba umeniuliza mimi kabla ya kuwauliza mashoga zako. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana mambo haya yana majina marefu na wewe kwenye simu ni mtu wa kusikia nusu. Soma taratibu.

Unataka kujua kati ya sindano ya mwaka mmoja, ya miaka miwili na ya maisha, ipi bora. Naona umeielemea hiyo ya maisha, kwa hesabu kwamba utalipa mara moja na mambo yaishe. Mimi nakwambia kinyume chake: kama utachoma, chukua inayodumu muda mfupi kuliko zote, tena ile ambayo daktari anaweza kuiyeyusha siku hiyo hiyo mambo yakiharibika. Hina ya biarusi tunaipenda vile ilivyo kwa sababu inafutika. Uso wako wa leo hutakuwa nao ukifika hamsini. Mafuta ya mashavuni hupungua na kushuka, mfupa wenyewe hupungua, ngozi hulegea. Kitu cha kudumu hubaki palepale kilipowekwa huku uso ukihama, na uvimbe ambao leo unaitwa shavu, kesho utaitwa uvimbe.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja, maana kwenye ujumbe wako umechanganya. Botox si filla. Botox hulegeza misuli ili mikunjo ya kipaji na ya pembeni mwa macho isijikunje. Filla hujaza mahali palipobonyea au palipo pembamba. Midomo na mashavu unayoyataka wewe ni kazi ya filla, kwa hiyo Botox tuiache.

Sasa hizo filla. Inayotumika zaidi ni ya asidi ya hayaluroni. Usiogope neno asidi. Kitu hiki unacho mwilini tangu tumboni mwa mama yako, kwenye ngozi, kwenye viungo, ndani ya jicho. Karl Meyer na John Palmer wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walikigundua mwaka 1934 kwenye ute wa macho ya ng'ombe. Mtu wa kilo sabini anakadiriwa kuwa na gramu kumi na tano hivi, na karibu theluthi yake mwili huivunja na kuitengeneza upya kila siku. Ndiyo maana ikichomwa ikiwa tupu haikai. Viwanda huifunga nyuzi zake zishikane mpaka iwe jeli, ndipo ikadumu kwa miezi: sita, mwaka, mwaka na nusu, kutegemea jeli yenyewe na mahali ilipowekwa. Mdomo hauishi kusema na kula, kwa hiyo huko huisha mapema. Restylane, ya Sweden, iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2003. Juvéderm ikafuata 2006. Najua bibi yako atauliza habari ya nguruwe, basi mwambie hizi za sasa hutengenezwa kwa bakteria kiwandani, hazitoki kwa mnyama.

Hata ndani ya aina hii moja zipo laini na zipo ngumu. Ya mdomo inatakiwa laini inayofuata mwendo wa mdomo. Ya shavu inatakiwa ngumu kidogo ili iweze kunyanyua. Ukimwona mtu ana bomba moja analochomea kila mahali, mdomo, shavu na chini ya macho, chukua mkoba wako uondoke. Hapo chini ya macho ndipo nisipopapenda hasa. Ngozi yake ni nyembamba mno, jeli hii huvuta maji, na mtu huamka na vifuko badala ya vibonde. Umesema unaonekana umechoka. Unafanya kazi zamu za usiku, mwanangu; lala kwanza wiki mbili, halafu jiangalie tena.

Uzuri mkubwa wa asidi ya hayaluroni ni kwamba ina kiyeyushi chake, kimeng'enya kinachoitwa hayaluronidasi. Ukichomwa hicho, jeli huvunjika. Mara nyingi mabadiliko huonekana ndani ya saa chache. Filla nyingine zote nitakazokutajia hazina kitu cha namna hiyo. Ila kama umewahi kuumwa na nyuki ukavimba mwili mzima, mwambie daktari mapema, kwa sababu sumu ya nyuki ina kimeng'enya cha jamii hiyo hiyo na huenda mwili wako ukakikataa.

Ya pili ni ya kalsiamu, yaani chembechembe za madini ya namna ile iliyomo kwenye mfupa, zikiwa ndani ya jeli. Jina lake la dukani ni Radiesse, na hudumu mwaka hivi au zaidi. Nzuri kwa mikunjo mirefu inayoshuka kutoka puani, na hata kwa migongo ya mikono ya watu wazima kama mimi. Kwenye midomo haiwekwi, kwani hufanya vinundu vyeupe. Atakayekwambia inafaa mdomoni hajui kazi.

Ya tatu nataka nikae nayo kidogo, kwa sababu ina historia iliyonipitia machoni. Ni asidi ya polilaktiki, ndugu wa zile nyuzi za kushonea zinazoyeyuka zenyewe; dukani huitwa Sculptra. Marekani iliidhinishwa Agosti 2004, na wala si kwa ajili ya mabiarusi. Iliidhinishwa kwa watu wenye virusi vya UKIMWI waliopukutika mafuta ya uso. Miaka hiyo mimi nilikuwa nesi kwenye kliniki ya CTC, ya kuwatibu wenye virusi hivyo. Dawa zilikuwa zimeanza kufika, watu wakanyanyuka vitandani, wakarudi sokoni na baharini. Lakini miongoni mwa dawa hizo ilikuwemo stavudini, nayo ilimla mtu mashavu. Mtu ana kilo zake, ana nguvu zake, anabeba gunia, lakini hapa chini ya mfupa wa shavu pamebonyea pakaingia kidole. Mtaani kila mmoja alikuwa ameshajua kuusoma uso ule. Kuna mama mmoja muuza samaki alikuwa akija kliniki na mtandio ameuvuta mpaka usawa wa macho, akakaa hivyo hivyo hata kwenye chumba cha sindano ambamo sote tulijua alichojia. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likazishauri nchi ziiache stavudini, nasi polepole tukawabadilishia watu dawa, lakini mashavu hayakurudi kama mwanzo. Sindano za Sculptra kwetu hazikuwepo. Tungekuwa nazo, yule mama ningemchoma kwa mkono wangu mwenyewe, na mtu asingethubutu kuniambia kwamba ni anasa.

Nakusimulia haya ili usidhani shangazi yako anaona kujirekebisha uso ni dhambi au ni ushamba wa mjini. Ila ona Sculptra ilivyo. Haijazi siku hiyo. Huuchokoza mwili utengeneze kolajeni yake, kwa wiki na miezi, na hutakiwa vikao kadhaa vilivyopishana. Ukitoka unatakiwa ukande uso dakika tano, mara tano kwa siku, kwa siku tano. Matokeo hudumu miaka miwili na kuzidi. Ni dawa ya uso uliopungua. Wewe uso wako umejaa, mashaallah. Hiyo ya miaka miwili kwenye orodha yao haikuhusu.

Kuhusu hiyo ya maisha: mwenye orodha hakuandika ni kitu gani, na hilo peke yake linatosha kunikatisha hamu. Inawezekana ni PMMA, vitufe vidogo sana vya plastiki ambavyo mwili hauwezi kuvivunja. Ipo iliyoidhinishwa Marekani tangu 2006, lakini hiyo imechanganywa na kolajeni ya ng'ombe na hutakiwa mtu apimwe ngozi wiki nne kabla. Vinundu vyake vinaweza kujitokeza baada ya miaka, na dawa yake ni kisu au sindano za steroidi. Au inawezekana ni silikoni ya maji. Hiyo hata usiulize bei. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, haijawahi kuiruhusu kuchomwa kwa ajili ya urembo, nayo huhama, huvimba, huozesha, na haitoki yote hata kwa upasuaji.

Nakuja kwenye jambo ambalo kwangu linaishinda aina ya filla, nalo ni mkono ulioshika sindano. Hapo Uingereza mlipo mna kichekesho. Botox haitolewi bila cheti cha daktari au mwingine mwenye ruhusa ya kuandika dawa. Filla haina sharti hilo. Mtu wa kope na kucha anaweza kuinunua na kumchoma mtu mzima. Sir Bruce Keogh, aliyeongoza uchunguzi wa serikali mwaka 2013, alisema mteja wa filla hana ulinzi unaomzidi mnunuzi wa kalamu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2021 England imepiga marufuku kuwachoma walio chini ya miaka 18, lakini wewe una ishirini na saba, sheria hiyo haikukingi. Sasa tazama: hayaluronidasi, kile kiyeyushi, ni dawa ya cheti. Kwa hiyo huyo dada wa saluni anaruhusiwa kukutia hatari, na kitu cha kukuokoa haruhusiwi kukaa nacho hivi hivi. Kwa hiyo muulize hivi, kwa adabu: "Hayaluronidasi ipo hapa chumbani, na nani ataichoma?" Akianza kukueleza uzoefu wake, umeshapata jibu. Tafuta daktari au nesi, na jina lake ulihakiki kwenye rejista ya GMC kama ni daktari, au ya NMC kama ni nesi. Ni bure na ni dakika moja.

Hatari yenyewe ni hii. Sindano ikiingia kwenye mshipa wa damu, jeli huuziba, na ngozi inayolishwa na mshipa huo huanza kufa. Mishipa ya pua, ya katikati ya nyusi na ya kipaji imeungana na ya jicho, kwa hiyo jeli inaweza kurudi nyuma mpaka jicho likapofuka, na kuona huko ni nadra kurudi. Hutokea mara chache, lakini hutokea hata kwa mafundi. Kwa sababu hiyo pua siikubali kabisa, hata wakikupa bure. Pua hiyo ni ya babu yako na inakupendeza.

Vitabu vingi husema ngozi iliyozibwa hugeuka nyeupe. Viliandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Kwetu sisi huonekana kama imepauka kijivujivu, kisha hutoka mabaka kama wavu. Usingoje rangi. Bonyeza mahali hapo kwa kidole, uachie, uangalie damu inavyorudi. Linganisha na upande wa pili. Kama ni mdomo, ufunue utazame kwa ndani, pale pekundu, na ufizi wake. Huko weusi wetu haufichi sana. Maumivu makali yanayozidi badala ya kupungua ni dalili pia, ingawa filla nyingi zina ganzi ndani yake na zinaweza kuyachelewesha. Ukiona hayo rudi saa ile ile, usikubali kuambiwa umeze panado ulale. Jicho likififia au likiuma, piga 999.

Mengine ni madogo. Kama huwa unatokwa na vipele vya homa mdomoni, sema kabla, sindano huviamsha. Kama una kovu la kuvimba mahali popote, hata lile la kutoboa sikio, lionyeshe. Daktari wa meno usimwendee wiki mbili kabla wala wiki mbili baadaye. Na chunusi ulizozichokonoa wiki hiyo ziache zipone, maana ngozi yetu kila kidonda kikiondoka huacha doa jeusi.

Halafu tarehe. Umeandika ungechoma Ijumaa na kupanda ndege Jumatatu. Haiwezekani. Mdomo huvimba siku za mwanzo ukadhani umepigwa, na alama za damu zinaweza kukaa hata wiki mbili. Tena ukiwa angani au huku Tanga likakufika la kukufika, hiyo hayaluronidasi nitakutafutia wapi usiku? Kama unaitaka kabla ya arusi, fanya mwezi mzima kabla ya safari, na uanze na nusu mililita ya mdomo tu. Mililita nzima ni sehemu ya tano ya kijiko cha chai, kwa hiyo nusu usiidharau. Mashavu tutazungumza baada ya fungate.

Siku ukienda, boksi lifunguliwe mbele yako. Nyingi huwa na stika mbili zenye namba ya toleo: moja ya faili lao, moja ya kwako. Kabla hujalipa nipigie picha ya boksi na ya stika, nizisome. Saa za kwenu za mchana mimi nipo macho.

Wako shangazi yako,
Bi Mwanahamisi