Vikopo Kumi Kutoka Bièvres

Wapo wanaogombana kwa sababu ya meseji iliyoingia saa sita usiku. Wapo wanaogombana kwa sababu ya mawifi. Mimi na mume wangu tuligombana kwa sababu ya kikopo cha filamu, tena cha plastiki, na mwisho wa ugomvi huo tulijikuta kwenye gulio la kamera huko Ufaransa.

Ngoja nieleze kwanza, maana najua wengi wenu picha zenu zote zimo kwenye simu. Mume wangu ni mgonjwa wa kamera za filamu. Anayo Nikon FM2, ile ya chuma ambayo hata betri ikifa bado inapiga. Filamu moja ya picha 36 siku hizi bei yake inauma, kwa hiyo akafanya wanachofanya wapenzi wengi wa filamu: akanunua filamu ndefu ya mita 30 na nusu, nyeusi na nyeupe, akawa anaikata mwenyewe nyumbani na kuijaza kwenye vikopo vitupu, yaani kaseti. Roli moja ya picha 36 inakula kama mita 1.65, na ile ndefu inatoa roli kama 18 hivi. Hesabu tamu, au siyo? Shida ilikuwa kaseti zenyewe. Alinunua za plastiki, za bei chee, hata jina hazina.

Desemba 2022 tulikwenda Lushoto kumwona bibi yangu. Bibi na kamera walikuwa hawapatani kabisa, lakini siku ile, sijui nini kilimwingia, akavaa kanga mpya, akakaa kibarazani na kusema, "Haya mjukuu, mwambie mumeo apige." Roli mbili zikaisha. Tukarudi Dar, kazi zikatubana, filamu zikakaa kwenye droo. Machi 2023 bibi akafariki.

Tulipozisafisha zile filamu, ya kwanza ilitoka nyeusi tii kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kifuniko cha kaseti kilikuwa kimefyatuka ndani ya mkoba, mwanga ukaingia. Ya pili ilikuwa na mstari mmoja mrefu kwenye kila picha, kama mtu amepitisha wembe. Kaseti ina mdomo mwembamba wenye mahameli nyeusi, ndiyo inayozuia mwanga. Ikinasa chembe ya mchanga, basi filamu yote inayopita hapo inachanwa. Na mchanga Lushoto kwa bibi ulikuwepo wa kutosha.

Akasema pole. Nikasema haina neno. Uongo mtupu! Miezi ikapita, kila nikiona ile mashine yake ya kujazia filamu mezani roho inanipanda. Alipoiondoa mezani ndiyo nikakasirika zaidi.

Juni 2024 wifi yangu anayeishi Massy, kusini ya Paris, akatualika. Mume wangu akaniambia kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa: "Kuna gulio la kamera kituo cha pili tu kutoka kwa dada. Nataka nikatafute kaseti nzuri." Nikamjibu, kaseti tu? Akasema kaseti tu.

Kutoka Massy-Palaiseau unapanda treni ya mstari V, unapita Igny, unashuka Bièvres. Si Paris ya kwenye kadi za posta. Ni kijiji kilicholala bondeni, miti mingi, na kijito kinachoitwa Bièvre hicho hicho, ambacho kikifika Paris kinapita chini ya barabara, watu wanakikanyaga bila kujua. Victor Hugo alikuwa akija huku na familia yake kupumzika, kwenye jumba la rafiki yake Bertin mwenye gazeti. Kwa mapumziko ya wawili pametulia kweli, ila si wikiendi ya gulio.

Wikiendi ya gulio ni Kariakoo ya kamera. Lilianza mwaka 1964, kazi ya baba na mwana, Jean na André Fage, ambao ndio pia waliouachia mji huo makumbusho ya upigaji picha. Kiingilio hakuna. Uwanja wa mbele ya ofisi ya meya umejaa meza, mpaka kwenye vichochoro: kamera za mbao za miguu mitatu, lenzi, albamu za harusi za watu waliokwisha kufa zamani (hizo sikuzipenda kuziangalia), na mabeseni ya kusafishia picha. Wazee wanainama na miwani ya kukuzia kama wauza dhahabu.

Meza ya kwanza mume wangu akashika lenzi. Ya pili, lenzi. Ya tatu nikamwacha, nikaenda kukaa kwenye benchi na wifi.

"Huyu hajabadilika," nikasema. "Tumekuja kwa kaseti."

Wifi akanitazama. "Wifi, alikuambia kwamba alinipigia usiku ule mliposafisha picha za bibi?"

"Usiku upi?"

"Alilia, wifi. Kaka yangu sijamsikia akilia tangu msiba wa baba. Alisema, nimempotezea bibi yake mara ya pili."

Sikujua niseme nini. Mimi nilikuwa nimesema haina neno, na yeye akaamini kwamba hataki kuumiza kidonda. Tukabaki hivyo, kila mtu na chumba chake cha giza ndani ya nyumba moja.

Nikanyanyuka, nikamfuata. Nikamshika mkono, nikamwambia twende tutafute hivyo vikopo. Alishtuka kidogo.

Tulizipata kwa mzee mmoja karibu na mwisho wa safu, chini ya meza, kwenye kopo la biskuti. Wifi akawa mkalimani. Kwanza yule mzee, kama muuzaji yeyote, alitutolea kitu cha kutamanisha: kaseti ya Leica ya shaba, nzito, inayong'aa. Hiyo haina mahameli. Ukifunga kitako cha kamera, mdomo wa kaseti unafunguka ndani kwa ndani, filamu inapita bila kugusa kitu, kwa hiyo hakuna mkwaruzo. Mume wangu aliishika kama kifaranga. Lakini hufanya hivyo kwenye Leica tu, kwenye Nikon yetu haina kazi. Nikamwambia rudisha. Akarudisha!

Halafu zikaja zenyewe: kaseti za chuma za Kodak, za zamani, vifuniko vyake hubanwa kwa kubofya tu na hufunguka bila kuharibika. Mzee akatufundisha kuchagua. Bonyeza ubavu kwa dole gumba; kifuniko kikilegea, weka pembeni. Zungusha kijiti cha katikati. Kikikwaruza, weka pembeni. Kisha angalia mahameli kwa tochi ya simu: nywele zake zisimame, zisiwe zimelala kama zulia la msikitini mlangoni. Kati ya zilizokuwemo tukachagua kumi, euro 15 zote. Alitukumbusha pia kwamba kila kabla ya kujaza tubandike gundi ya karatasi juu ya mahameli na kuibandua, inavuta vumbi lote, na tusiangushe kaseti sakafuni ikiwa na filamu, kwani kifuniko cha kubofya hakina uvumilivu.

Kuhusu za plastiki hakuzidharau zote. Alisema zenye kifuniko cha kuzungusha kama cha chupa zinafaa, mradi usizitumie mpaka mahameli iishe. Na asiyepata chochote aende kwa msafisha picha, aombe kaseti za kawaida zilizokwisha kazi, zikiwa zimeachiwa ulimi wa filamu wa sentimita mbili nje. Unaunganisha filamu mpya na ulimi huo kwa gundi na kuivuta ndani. Mara mbili tatu, kisha tupa. Jambo moja la kuangalia: kamera za kisasa kidogo husoma kasi ya filamu kwenye miraba iliyochapwa ubavuni mwa kaseti, mtindo ulioanzishwa na Kodak mwaka 1983. Kaseti zetu za zamani hazina miraba, lakini FM2 haisomi, unapanga mwenyewe.

Uwanja wa ndege tulichekesha watu. Askari aliona vikopo kumi vya chuma kwenye mkoba wa mke wa mtu, akavifungua kimoja kimoja. Vitupu havina cha kuungua. Ila filamu yenye picha usiiache ipite kwenye zile mashine mpya za kukagua mizigo ya mkononi wala usiiweke kwenye sanduku kubwa. Omba ikaguliwe kwa mkono.

Dar, usiku wa kwanza, mashine ilirudi mezani. Alibandika gundi kwenye mahameli, akabandua, akarudia. Akaweka kaseti, kisha akanisogezea mkono wa mashine. "Zungusha wewe." Nikazungusha hadi namba ikafika 36. Hiyo kaseti nimeitia alama ya rangi ya kucha, nyekundu, ni yangu.

Agosti tulikwenda nayo Lushoto. Mama amekaa kibarazani pale pale, picha 36, hakuna hata mstari.

Ile ya bibi tuliichapisha hivyo hivyo, iko sebuleni. Mstari unampita begani, juu ya kanga, uso haukuguswa. Mume wangu alitaka kuufuta kwa kompyuta. Nimemkatalia.